UZI: Dayanita Singh, mpiga picha wa India aliyekataa picha zake ziishie ukutani

#1 MpigaPichaTanga

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa zangu.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu, leo naushusha. Unamhusu mwanamke wa Delhi anayeitwa Dayanita Singh, aliyezaliwa 1961. Ukitaja msanii wa India hapa kwetu, wengi akili inakimbilia kwenye filamu na waimbaji. Huyu ni mpiga picha, ila mwenyewe hujitambulisha kama mtengeneza vitabu anayefanya kazi kwa picha. Jina hilo alilojipa limebeba maisha yake yote ya kazi, na ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na yangu kidogo. Mimi ni mpiga picha za harusi. Mwaka 2019 diski yangu ilikufa na harusi kumi na nne ndani yake. Fundi wa kwanza alishindwa, wa pili akashindwa. Kati ya wateja hao kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alifariki miezi saba baada ya harusi. Alikuja studio akaniuliza, "Mwanangu, hata moja hakuna?" Nilimpa tatu zilizokuwa zimebaki kwenye simu yangu. Usiku ule sikulala. Nilijiona nimefanya nusu ya kazi miaka yote: nabonyeza, nasafisha rangi, natuma, basi. Picha itakaa wapi, itashikwa na nani, itafuatana na ipi, hayo sikuyahesabu kuwa ni kazi yangu.

Baadaye ndugu yangu mmoja aliyekuwa akisoma Ujerumani akaniletea kisanduku kilichovikwa kitambaa, "Museum Bhavan", kazi ya Dayanita ya 2017. Ndani mna vitabu tisa vidogo, vyembamba, na kijitabu cha mazungumzo. Kila kitabu ni mkunjo mmoja mrefu kama kodiani la taarabu. Unaweza kukisoma ukurasa kwa ukurasa, au ukakikunjua mezani ukapata onyesho zima la zaidi ya mita mbili. Kila kitabu kimoja anakiita jumba la makumbusho. Nilikikunjua kimoja juu ya kaunta ya studio kikavuka kaunta yote, na wateja wawili waliokuja kupiga pasipoti wakaacha haraka zao wakatembea nacho kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuwaeleza chochote.

Naendelea chini, naomba msifunge uzi.

#2 MpigaPichaTanga

Alikotoka. Mama yake, Nony Singh, alipenda kamera kupita kiasi. Alikuwa na mabinti wanne na aliwapiga picha miaka yote, akazitunza. Dayanita ndiye mkubwa wao. Mama huyu mkumbuke, atarudi.

Dayanita akaingia chuo cha taifa cha usanifu kule Ahmedabad, National Institute of Design, kusomea mambo ya michoro na mawasiliano. Upigaji picha haukuwa mpango. Siku moja, akiwa bado mwanafunzi, akaenda kwenye onyesho la Zakir Hussain, mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, amchukue picha kwa ajili ya zoezi la darasani. Mmoja wa waandalizi akamzuia, akamsukuma, akaanguka mbele ya watu. Onyesho lilipokwisha akamsubiri Zakir nje. Alimwambia kwamba leo yeye ni mwanafunzi tu, lakini siku moja atakuwa mpiga picha wa maana, na hapo wataonana.

Zakir hakukasirika. Alimkaribisha. Kwa majira sita ya baridi, msimu wa matamasha kule India, binti huyu alisafiri na wanamuziki kwenye mabasi yao, akawapiga picha wakifanya mazoezi, wakilala, wakiwa nyumbani kwao. Hapo ndipo kilipotoka kitabu chake cha kwanza, "Zakir Hussain", 1986. Amesema mara nyingi kwamba Zakir ndiye mwalimu wake mkubwa, kwa sababu kwake alijifunza riyaz, yaani yale mazoezi ya kila siku ambayo mwanamuziki wa Kihindi hayaachi hata akiwa bingwa wa dunia. Ustadh Zakir alifariki Desemba 2024, San Francisco.

Hapa naomba niseme neno. Nimesoma maelezo mengi ya wasanii wakubwa, na mengi huanza na shule kubwa au mfadhili. Huyu alianza kwa kuanguka, na kwa mtu mzima aliyekuwa na moyo wa kumsikiliza mwanafunzi mwenye hasira. Sisi tulio na vijana wanaokuja studio kuomba kujifunza, tuwape hata dakika kumi.

#3 BintiMakunduchi

Asante sana kaka. Umeniliza kwa yule mama wa harusi.

Kuhusu tabla, sie watu wa pwani haitupigi chenga. Mombasa taarabu ya marehemu Juma Bhalo ilijaa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi na tabla ndani yake. Na upigaji picha wenyewe Unguja ulipita sana mikononi mwa Wahindi. Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha mwanawe Rohit akaendelea nayo. Bibi yangu alipigwa pale akiwa mwari, amekaa kitini, mkono juu ya meza yenye ua la plastiki. Picha ile ipo kwetu mpaka leo, na kila akija mgeni lazima ishuke ukutani ipite mikononi.

Sasa swali langu. Huyo dada alipomaliza kitabu cha Zakir alikula nini? Usanii wa picha unalipa?

#4 MpigaPichaTanga

Dada yangu, swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifunza zaidi.

Baada ya India alikwenda New York kusomea picha za habari, International Center of Photography, 1987 hadi 1988. Aliporudi akawa mpiga picha wa magazeti na majarida ya Ulaya na Marekani. Kazi zilikuwepo na hela ilikuwepo. Lakini kazi zenyewe zilifanana: wanawake wa madanguro ya Mumbai, watoto wanaofanyishwa kazi, UKIMWI, umaskini. Wahariri wa mbali walikuwa na India yao kichwani, wakamtaka aijaze. Akafanya kwa miaka kadhaa, kisha akachoka nayo, na kuelekea mwisho wa miaka ya 90 akaiacha.

Akili yangu inarudi hapo kila mara. Sisi Waafrika tunaijua hiyo simu ya mhariri wa mbali, inayotaka mtoto mwenye inzi usoni. Kuikataa ukiwa na njaa si jambo dogo.

Kabla hajaacha, mwaka 1989, gazeti la The Times la London lilimtuma awapige picha hijra. Hijra ni jamii ya tangu zamani kule India, ya watu ambao wengi walizaliwa wakihesabiwa wanaume lakini hawaishi kama wanaume, na wana utaratibu wao, wakubwa wao na nyumba zao. Akakutana na Mona Ahmed, wa Delhi ya kale. Akampiga. Kisha Mona akapata habari kwamba picha zitatoka London, ambako alikuwa na jamaa zake, akaomba zisitoke. Dayanita akampa filamu yake. Kazi ikafa, malipo yakaenda zake.

Urafiki ukazaliwa hapo, ukadumu mpaka Mona alipofariki 2017. Dayanita alikuwepo Mona alipomlea binti wa kupanga, Ayesha, na kumfanyia sherehe kubwa za kuzaliwa. Alikuwepo Ayesha alipoondolewa mikononi mwake, na Mona alipokwenda kuishi makaburini. Mwaka 2001 kikatoka kitabu, "Myself Mona Ahmed". Maelezo ndani yake hayakuandikwa na mtaalamu: ni barua pepe za Mona mwenyewe kwa mchapishaji, kwa sauti yake na manung'uniko yake. Mona anasimulia, Dayanita anaonyesha.

Nadhani filamu ile aliyomrudishia ilimlipa kuliko gazeti lolote.

#5 LenziYaMvita

Ndugu yangu wa Tanga, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma kwa makini, na nina pingamizi naomba unisikize.

Nimetafuta kazi zake usiku wa jana. Viti vitupu, vitanda vitupu, mafaili, mashine, msichana amelala kifudifudi kitandani. Hakuna maelezo, hakuna tarehe, hakuna mahali. Mimi nimefundishwa kwamba picha bila maelezo ni yatima. Nitajuaje ni nani na ni wapi? Huoni kwamba mtu aliyetoka kwenye habari ametupa wajibu wake?

#6 MpigaPichaTanga

Kaka wa Mvita, pingamizi lako nimelipokea, na mwanzo hata mimi lilinisumbua.

Ona alivyofika hapo. Alipoacha habari alirudi kwa watu wa tabaka lake mwenyewe, familia zenye nafasi za Delhi, Mumbai na Kolkata, akawapiga majumbani mwao. Kitabu kikaitwa "Privacy", kimechapwa na Steidl wa Göttingen, Ujerumani. Kamera yake ilikuwa Hasselblad ya filamu, ile ya picha za mraba, nyeusi na nyeupe, picha kumi na mbili kwa mkanda. Unaishika kifuani au tumboni, unatazama chini. Uso wako uko wazi kwa unayempiga, hujajificha nyuma ya chombo. Jaribu siku moja na bibi mwenye haya, utaona tofauti.

Katika nyumba hizo akaanza kuviona vyumba wenyewe wakiwa hawapo. Viti, vitanda, meza. Mwaka 2007 akatoa "Go Away Closer", kitabu kisicho na neno hata moja ndani. Picha hazifuatani kwa mahali wala mwaka. Zinafuatana kama sauti katika wimbo, moja inaivuta nyingine. Ukiandika chini ya kila picha "Kolkata, 2002, kitanda cha fulani", msomaji anasoma, anaridhika, anafungua ukurasa mwingine. Asipopewa, anabaki pale anatafuta. Hakutupa wajibu, kaka. Ameuhamisha kutoka kwenye maneno ukaenda kwenye mpangilio, na mpangilio wake huutafuta kwa miezi, akizisogeza picha ndogondogo mezani kama mtu apangaye shanga.

Lakini nakubaliana nawe kwa jambo moja. Kwa picha za msiba, za vita, za mtu aliyedhulumiwa, maelezo lazima yawepo. Mona alipewa maneno, tena mengi.

#7 MzeeWaMasjala

Vijana, mimi si mpiga picha. Ni mstaafu. Nimefanya kazi masjala ya serikali miaka 31. Nimeingia humu kwa sababu mmetaja mafaili. Hizo picha zikoje? Naomba mnieleze.

#8 MpigaPichaTanga

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kitabu kinaitwa "File Room", 2013. Dayanita aliingia kwenye masjala na nyaraka za India, za mahakama, za ofisi za serikali, za taasisi za kale. Mzee, picha ya kwanza niliyoiona nilisikia harufu. Majalada yamepangwa mpaka dari, yamefungwa kamba, mengine yamevimba kwa unyevu, mengine yamefungwa kwenye vitambaa kama maiti zilizokafiniwa. Kuna kabati za chuma zilizopinda kwa uzito. Katikati ya mlima huo, mara kwa mara, unamwona mtu mmoja amekaa mezani kwake. Mtunza masjala. Kajua kila jalada liko wapi, na hakuna orodha iliyoandikwa, orodha ni yeye.

Baadaye, katika kazi iitwayo "Time Measured", alipiga mafurushi ya nyaraka yaliyofungwa kwa vitambaa vyekundu, kila kimoja kimepauka kwa namna yake. Hujui ndani mna nini. Ukiyatazama furushi baada ya furushi unaanza kuyaona kama nyuso za watu.

#9 MzeeWaMasjala

Marahaba.

Mwanangu, nimekaa na jibu lako siku nzima. Nilipokuwa kazini watu walikuja na machozi kutafuta hati za viwanja vya baba zao. Wengine walitafuta barua ya ajira ya 1974 ili wapate pensheni. Nilikuwa nanyanyuka, nakwenda moja kwa moja kwenye rafu, nalichomoa. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani. Hakuna aliyewahi kupiga picha chumba kile, na sasa kimevunjwa, nyaraka zimehamishwa, sijui ziko wapi. Mwambie huyo mama, kama unaweza kumwandikia, kwamba kuna mzee Dodoma amemshukuru.

#10 BintiMakunduchi

Babu, shikamoo. Naomba uandike kumbukumbu za chumba hicho, hata kwa sauti kwenye simu, mimi nitakuandikia. Nasema kweli.

#11 KijanaWaMbeya

Wakuu samahani nachelewa. Mimi natumia simu tu, sina kamera. Hizo "museum" zake ni jengo au ni kitabu? Hapo ndipo nimepotea.

#12 MpigaPichaTanga

Mdogo wangu, ni vyote viwili, na ndiyo akili yake kubwa.

Mwaka 2008 alitoa "Sent a Letter", kisanduku chenye vitabu saba vya mkunjo. Mwanzo vilikuwa kama barua kwa rafiki: akisafiri na mtu, kwa mfano Kolkata au Varanasi, anapanga picha za safari kwenye kijitabu, anampa. Kimoja kati ya saba ni cha picha za mama yake, Nony. Nilisema atarudi. Na vijitabu hivyo vikawekwa vimekunjuliwa kwenye dirisha la duka la sonara mtaa wa Park Street, Kolkata, katikati ya vito. Mpita njia anayeogopa kuingia jumba la sanaa, dirisha la sonara haliogopi.

Kisha akaenda upande wa pili. Akatengeneza makabati makubwa ya mbao za msaji, mitiki hii hii tuijuayo wa Muheza, yenye milango inayofunguka na kukunjika. Kila kabati analiita jumba la makumbusho, na moja linaweza kubeba picha zaidi ya mia. Baadhi zinaonekana, nyingine zimehifadhiwa ndani, na anazibadilisha anavyotaka, hata onyesho likiwa linaendelea. Moja ni la mafaili, jingine la mashine, jingine la samani, jingine la mambo yanayokutana kwa bahati tu. Yaani ghala, ukuta na chumba, vyote ndani ya kitu kimoja unachoweza kukisukuma. Yalionyeshwa Hayward Gallery, London, 2013. Mwaka huo huo alikuwa Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Biennale, ukumbi wa Ujerumani, pamoja na Santu Mofokeng wa Afrika Kusini. Mofokeng naye alihangaika na picha za zamani za familia za watu weusi, kwa hiyo nawaona kama ndugu. Pale Dayanita alionyesha picha inayotembea: Mona amelala, anasikiliza wimbo, anahema. Basi.

Lile kabati la mambo ya bahati lina kitabu chake pia, "Museum of Chance", alichokichapa kwa majalada 88 tofauti. Kitabu ni kile kile, uso ndio unabadilika, na anavitundika ukutani kwenye fremu za mbao kama maonyesho. Mnunuzi anachagua uso wake.

Rangi sikuigusa makusudi. Alipita humo pia, filamu ya mchana akaitumia jua likishazama mpaka kila kitu kikawa bluu. Ni nzuri, ila moyo wangu uko kwenye zile nyeusi na nyeupe.

Tuzo kwa kifupi maana mtauliza: "Museum Bhavan" ilishinda tuzo ya kitabu bora cha picha cha mwaka kwenye maonyesho ya Paris Photo, 2017. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Hasselblad ya Sweden, kronor milioni 2, wa kwanza kutoka Asia ya Kusini. Mwaka huo huo Berlin, Gropius Bau, wakafungua onyesho la maisha yake yote ya kazi.

Kuhusu simu, usione haya. Kwake yeye picha ni malighafi, kama unga. Wewe unga unao. Chapisha ishirini tu, ndogo, zimwage sakafuni, uanze kuzisogeza.

#13 LenziYaMvita

Nimerudi. Juzi nilimchukulia mamangu picha zangu za shamba la marehemu baba kule Kwale, bila maelezo yoyote, nikazipanga mbele yake kwa mkeka. Alinyamaza muda, kisha akainyanyua ya nane akaiweka ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Babako alikuwa akianza na kisima." Mimi nilikuwa simjui baba kwa habari hiyo.

Pingamizi langu la picha za habari nalibakiza pale pale. Kwa hizi nyingine, nimeelewa unachosema.

#14 KijanaWaMbeya

Kaka Tanga, nimechapisha ishirini, saizi ya pasipoti kubwa, kwa steshenari hapa Mwanjelwa. Ni za bibi yangu na jiko lake. Nataka kutengeneza ule mkunjo. Natumia karatasi gani, na naiungaje isiachane?

#15 MpigaPichaTanga

Hongera sana mdogo wangu.

Chukua manila nyeupe, ile nzito ya mashuleni. Kata ukanda mrefu wa upana wa sentimita 12, piga alama kila sentimita 10. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu butu juu ya mstari kwa rula, la sivyo utapasuka. Kunja mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ukanda ukiisha, acha ulimi wa sentimita 1 na nusu, uupake gundi nyeupe ya mbao, uunge ukanda wa pili juu yake, uweke kitu kizito usiku kucha. Jalada tumia kadibodi la boksi ulivike kitambaa. Kama bibi ana kanga iliyochakaa asiyoivaa tena, muombe, na jina la msemo likae upande wa mbele. Picha zibandike mwisho kabisa, baada ya kukubaliana na mpangilio, kwa sababu zikishabandikwa hazibanduki.

Mimi mwaka huu kila mteja wa harusi namkabidhi kimoja, juu ya faili za simu. Mama yule wa 2019 nilimtengenezea cha zile picha tatu, zenye kurasa tupu katikati yake.

#16 KijanaWaMbeya

Kanga bibi amekubali. Anauliza kama jiko litaanza au litamaliza.